Sauti ya Dawa ya Panya

Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo msitarajie maneno makubwa. Lakini nimepona ndoa ya miaka kumi na tisa, na mtu aliyepona kitu kama hicho ana haki ya kusema nani alimfanyia nini. Majina sitaandika. Wenyewe watajijua, na wasipojijua, majirani watawaonyesha kwa kidole.

Mkosaji wa kwanza ni muuza dawa ya panya wa hapa Kitale. Mimi nauza masweta ya watoto, na yeye hupita na mkokoteni wake mbele ya kibanda changu kila asubuhi. Siku moja koo lake lilikauka akaniomba nimsemee maneno yake kwa simu, ati sauti yangu inafika mbali. Nikasema kwa moyo wote: "Panya anakula mahindi yako! Anakula nguo zako! Anakula mpaka vyeti vya watoto! Usimhurumie, yeye hakuhurumii!" Nilifikiri ni ya siku hiyo tu. Yeye akaiweka kwa kipaza sauti, ikawa inazunguka kutwa nzima. Kisha akamgawia mwenzake wa Webuye, wa Webuye akampa wa Bungoma, na wa Bungoma akampa mwenye pikipiki anayepanda nayo hadi Kapsokwony. Mimi sikuambiwa kitu. Siku hizi nikisalimia watu matangani, watoto wanachungulia chini ya viti.

Mkosaji wa pili ni mume wangu. Huyo nilimwacha Bungoma na kuja Kitale na gunia moja la nguo. Aliniletea mwanamke nyumbani akasema ni binamu yake, amekuja kutibiwa. Alitibiwa mpaka akazaa mapacha. Hayo yamepita. Nayataja ili mjue kwa nini nilikuwa na maneno mengi kifuani.

Wa tatu ni binti yangu mwenyewe, na huyu nampenda. Alipata kijana mzuri walipokuwa wote chuoni Kibabii. Kijana anatoka Kapsokwony, kwao ni watu wa kanisa, wakulima wa viazi wenye heshima zao. Binti akaogopa kuwaambia kwamba mama yake anaishi peke yake kwa chumba cha kupanga. Akawaambia baba yupo, mama yupo, na nyumbani ni amani tupu. Basi wazazi wa kijana wakasema watakuja Jumamosi kuiona hiyo amani, na namba ya mama wa kijana nikaihifadhi kwa simu yangu.

"Mama, nakuomba," binti akaniambia. "Mwambie baba aje akae siku moja tu. Wakijua tumewadanganya, mimi nimeisha."

Nikameza kiburi, nikampigia yule mtu. Alikubali haraka sana, nikashuku. Kumbe ana masharti.

"Nitakuja," akasema, "lakini firigisi ya kuku niwekewe mimi, mbele ya wageni. Siwezi kuitwa baba wa nyumba halafu nile bawa."

Kwetu firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba, na nyumba yenyewe kodi yake nalipa mimi. Nikasema sawa.

Sasa sikieni nilivyojimaliza. Binti alikuwa ameniwekea kwa simu programu moja ya kuongea. Hakuna picha wala kuandika, ni sauti tu. Watu wanaingia vyumba, mmoja anaongea, wengine wanasikiliza na kupiga makofi ya kubonyeza. Aliniwekea ili nipate marafiki na nipunguze kumpigia yeye. Ilipofunguka ikaniuliza maswali kwa Kiingereza, na kila swali lilikuwa na kitufe cha kukubali. Nikakubali, nikakubali, nikakubali, kama bibi harusi mbele ya padri. Baadaye ndiyo niliambiwa nilikubali nini: ichukue namba zote zilizo kwa simu yangu, na kila nikiingia chumbani iwaite wenye namba hizo waje kunisikiliza.

Nilijipa jina la Ua la Mlima. Nikajiona nimejificha vizuri kabisa.

Chumba kiliitwa Tuliopona. Kilikuwa cha wanawake waliotoka kwa ndoa mbaya. Mwenye chumba, ambaye ni mkosaji wa nne, alikuwa na sauti tamu kama ya mtu wa redio. "Hapa ni siri, dada zangu," akasema. "Hakuna anayerekodi. Jisikieni nyumbani." Ilikuwa Jumatano mchana, mvua inanyesha Kitale yote, hakuna mtu wa kununua sweta hata kwa bahati mbaya. Nikakaa juu ya marobota na kufungua maiki.

"Mimi naitwa Ua la Mlima," nikaanza, "na mimi pia nimepona."

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Dada, samahani. Kwani wewe si ndiye yule wa panya?"

"Panya gani?"

"Wuui! Ndiye!" mwingine akapiga kelele. "Anakula mpaka vyeti vya watoto! Bana, hiyo sauti mimi huamka nayo huku Bungoma!"

Mtu mwenye akili angezima simu pale pale. Lakini wakaanza kupiga makofi, na mimi maisha yangu yote sikuwa nimepigiwa makofi. Makofi ni matamu, nawaambia. Nikasema mimi si wa panya, kisha nikaendelea kwa sauti ile ile ya panya. Nikasema habari ya binamu wa mapacha. Nikasema Jumamosi naletewa mume wa kuazima, atakaa kwa kiti changu na kula firigisi yangu, na nitamwita mzee wangu mbele ya wageni huku nimeuma ulimi. Watu walicheka mpaka simu ikapata joto. Mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno, alipiga makofi bila kupumzika. Nikasema moyoni, huyu ananielewa.

Nilipotoka chumbani, nikapata ujumbe kutoka Bungoma. Ulitoka kwa wifi yangu, dada ya mume wangu, ambaye ni mkosaji wa tano na mkubwa kuliko wote. Simu yake ilikuwa imemwita aje anisikilize, na haikumwambia Ua la Mlima. Ilimwambia jina lile alilonihifadhi nalo, ambalo siwezi kuliandika kwa sababu ya watoto. Ujumbe ulisema: "Nimekurekodi. Jumamosi na mimi nakuja. Nipikie vizuri."

Siku mbili sikulala usingizi wa maana wala sikumwambia binti. Nilimpigia wifi akawa hashiki. Nilimwandikia nikimwomba kwa jina la Mungu, akanijibu kwa kidole gumba kimoja.

Jumamosi wageni wakaja. Kijana alikuja na wazazi wake, mjomba wao mmoja mwenye koti refu, na shangazi wawili. Waliteremsha gunia la viazi vyekundu vizuri sana. Mume wa kuazima alikuwa amefika mapema, amenyoa na kukaa kwa kiti akipanua miguu kama aliyekinunua.

"Karibuni kwangu," akawaambia. Kwangu! Niliuma ulimi.

"Huyu mama," akaendelea, "tangu nimuoe sijawahi kusikia amepandisha sauti."

Wakati huo huo barabarani ikapita, "Usimhurumie, yeye hakuhurumii!" Mjomba akageuka kuangalia dirisha, akaniangalia mimi, akaangalia dirisha tena. Nikaenda kuangalia kuku.

Niliporudi, wifi alikuwa amefika. Alivaa kitenge kipya na kukaa katikati, simu mbili mapajani. Binti yangu alimletea soda akanong'ona, "Shangazi, karibu." Hakujua anakaribisha nini. Mimi nilisimama mlangoni na sahani mikononi.

Baada ya maombi, wifi akainuka. "Wageni wetu," akasema, "sisi watu wa Bungoma hatupendi uongo. Kabla hamjala, naomba msikilize kitu kidogo. Mtamjua mama wa binti ni mtu wa aina gani."

"Wifi," nikasema, "si ungoje watu wale kwanza."

"Wakishiba watasahau," akajibu, akabonyeza.

Sauti yangu ikajaa chumba kile. Mume wa kuazima, kiti changu, firigisi. Binti yangu akafunika uso kwa mikono miwili. Kijana akamshika bega, na hilo nililiona hata kwa macho yaliyojaa machozi.

Lakini wifi yangu alikuwa amerekodi kwa kuweka simu ya pili karibu na ile ya kwanza, pale jikoni kwake, huku akimenya ndizi. Maiki yake ya chumbani ilikuwa imezimwa, sisi kule hatukumsikia. Simu ya pili ilimsikia vizuri sana. Na kwa raha aliyokuwa nayo hakuwahi kurudia kusikiliza mpaka mwisho.

Kwa hivyo baada ya sauti yangu ikaja yake, karibu na kubwa zaidi: "Hapo amesema ukweli. Huyo kaka yangu hata mimi ningemkimbia. Mwanaume mzima hajui kufunga lango la ng'ombe." Tukasikia kisu kinakwaruza. "Na hao wajinga wa viazi wa Kapsokwony aliowasema kaka, ngoja wadanganywe mchana kweupe. Hao huvaa makoti marefu kila mahali kama wanaenda kortini."

Wifi alibonyeza kila kitu kwa simu yake isipokuwa kitufe cha kuzima. Taa ya tochi ikawaka.

"Lango la ng'ombe?" mume wangu akauliza. "Dada, ni mimi huyo?"

"Si wewe, kaka, nilikuwa nasema…"

"Una kaka mwingine?"

Mjomba akavua koti taratibu na kulikunja vizuri magotini. "Mama," akamwambia wifi kwa upole, "wajinga wa viazi tuko hapa. Tunangoja kudanganywa."

Shangazi mmoja akacheka kwanza, kwa pua, akijaribu kujizuia. Kisha wa pili. Baba ya kijana hakucheka, alikuwa anamwangalia mke wake, kama mtu anayengoja kuambiwa kama tunakaa au tunaenda. Na mke wake akasimama. Moyo wangu ukasimama naye.

"Mama," akaniambia, "nionyeshe jikoni."

Tukaingia jikoni, nikafunga mlango. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Nilitaka kusema uongo wote uwe wangu, binti asamehewe. Akaniwekea mkono.

"Hiyo sauti mimi sijaanza kuisikia leo," akasema. "Niliisikia Jumatano. Simu yangu iliniita, nikaingia, nikakaa nyuma kabisa."

"Wewe?" nikasema. "Wewe ndiye yule wa makofi?"

"Kidole kiliuma." Akaangalia mlango, akashusha sauti. "Mimi sijatoka kwa ndoa, mama. Mimi huenda pale kusikiliza tu. Sasa fikiria, kama nilikuwa nataka kukataa binti yako, si ningebaki kwangu siku ile ile na viazi vyangu? Nimeteremka mlima wote huo nikijua. Mama anayetafuta hata baba wa kuazima ili mtoto asiaibike, huyo mimi nitakaa naye."

Nililia kidogo, sitaficha. Firigisi ilikuwa juu ya mfuniko wa sufuria, imetengwa peke yake kama mgonjwa. Nikaikata katikati kwa kisu, nikampa nusu. Tulikula tumesimama, kule nje mume wangu na dada yake wakiendelea kutafuta lango la ng'ombe.

"Na ile dawa yako," akaniuliza akijipangusa mdomo, "inafanya kazi kweli? Panya wamemaliza mahindi yangu."

Nilimwomba simu yake, nikaizima. Nikazima na yangu, nikaweka zote mbili ndani ya debe la unga na kufunika. Ndipo nikamwambia ukweli wa hiyo dawa. Huo siuandiki hapa.