Jagi la Katikati ya Meza

Ndugu zangu, acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani zangu wa Buswelu.

Mke wangu Koku alimzika mama yake Bukoba, na tangu turudi Mwanza alikuwa anaongea kwa shida. Niliposikia hoteli moja ya ufukweni imeandaa siku ya kuonja mvinyo wa Dodoma, nikamshawishi tutoke kidogo. Tulichelewa, tukakuta maelezo yameshatolewa. Nami mvinyo nilizoea kuuona altareni tu.

Kila mtu alimiminiwa kidogo, kama dawa ya mtoto. Lakini katikati ya meza kulikuwa na jagi zuri la udongo, limejaa, na hakuna aliyejimiminia kutoka humo. Nikawaza, hawa watu wana aibu. Nikajaza glasi, nikaizungusha kama wenzangu, nikapiga funda kubwa.

"Koku, hii ndiyo yenyewe! Ina ladha zote kwa pamoja."

Mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa mbele yetu akashusha glasi yake taratibu.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "sisi tukishaonja, tunatema humo."

Nilitamani ziwa linimeze. Kisha nikasikia mtu anacheka, kicheko cha kutoka tumboni, na kumbe ni Koku. Alicheka mpaka akaniegemea begani, machozi yanamtoka, huku akinifuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake.