Mkono Uliomwitikia Kanali

Damu ya kwanza katika kisa hiki ilimtoka Édouard, na aliyeimwaga ni dada yake wa tumbo moja.

Ilikuwa Jumapili mchana, Rågsved, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, katika chumba cha chini ya ghorofa ambako wanamuziki wa Kikongo walifanyia mazoezi. Édouard aliingia bila hodi, akamzaba kibao Dieumerci, mpiga gitaa, kijana mpole asiyemkosea mtu, kisha akaung'oa waya wa spika ukutani. Léontine hakupoteza maneno. Aliinuka nyuma ya ngoma zake, akazizunguka, akamshushia kaka yake kijiti juu ya jicho. Nyusi ikapasuka. Kijiti kikakatika na kipande kikarukia kwenye vikombe vya chai.

"Weye ni yaya yangu," alimwambia akihema, maana kwao Uvira kaka mkubwa huitwa yaya. "Lakini hii ni kazi yangu. Ukigusa mutu wangu tena, nitapasua na upande wa pili."

"Kazi?" Édouard alijibu, damu ikimchuruzika hadi kwenye kola. "Kumupigia Severin ngoma, hiyo njo kazi?"

Huyo ndiye Léontine, na tusidanganyane: hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mpakua mizigo na sauti ya kusimamisha treni. Siku za kazi alifundisha ngoma katika shule ya muziki huko Tumba, nje kidogo ya jiji. Watoto walimwita Léontine kavukavu, bila mama wala mwalimu, kama ilivyo desturi ya Waswidi, na ilimchukua muda mrefu kuacha kukunja uso. Sheria ya nchi haikumruhusu kumgusa mtoto hata kwa unyoya. Kwa hiyo mwanafunzi akizembea, Léontine alikaa mwenyewe kwenye kiti na kuzitwanga zile ngoma mpaka vioo vya dirisha vitetemeke, na mzembe akajifunza kwa kutazama. Filip, mtoto wa daktari wa meno, aliwahi kumuuliza kwa Kiswidi kama anazichukia ngoma.

"Hapana," Léontine alimjibu. "Lakini zinavumilia."

Kupiga alifundishwa na baba yake, aliyeongoza kwaya ya kanisa kule Uvira. Baba huyo alikufa barabarani. Askari waliwashusha abiria kwenye lori, wakamtenga yeye kwa sababu alithubutu kuwauliza wanatafuta nini, wakampiga kwa vitako vya bunduki hadi akaacha kulia. Mkubwa wao alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, akila ndizi. Watu walimwita Kanali Tonnerre, yaani Radi. Édouard na Léontine walikuwa wamejibanza kwenye majani kando ya barabara, na Édouard, aliyekuwa ameanza tu kuota ndevu, alimziba mdogo wake mdomo kwa nguvu hivi kwamba jino lilitoka. Kwa jino hilo walipona. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa baba na mama: kambini Tanzania, kwenye ndege, na miaka ya mwanzo ya Uswidi ambapo alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini Flemingsberg ili dada asome muziki. Vitanda hivyo anavisukuma mpaka leo.

Lakini Édouard alikuwa pia mkombata. Hivyo ndivyo walivyojiita wale Wakongo wa Ulaya waliokula kiapo kwamba hakuna mwanamuziki kutoka Kinshasa atakayeimba huku wakati watu wanakufa mashariki ya nchi yao. Sababu yao haikuwa ya kuchekwa. Waimbaji wale walitupa majina ya wakubwa katikati ya nyimbo kwa malipo, na kati ya wakubwa hao walikuwamo wenye damu mikononi. Wakombata wa Stockholm walikuwa wachache, wangeweza kuenea kwenye basi dogo na mizigo yao, ila walikuwa na vyuma na walikuwa na uchungu.

Sasa Severin anakuja. Severin, mwimbaji aliyevaa koti jeupe hata akienda kununua sigara, alinyimwa viza ya mpiga ngoma wake, na mwandaaji, Mrundi mmoja aitwaye Augustino, akampigia simu Léontine. Léontine alikata simu akajifungia chooni shuleni akalia kwa furaha. Mwaka huo wa 2011 alikuwa ameshafundisha watoto wa watu mpaka akasahau kwamba na yeye ni mpigaji. Kufundisha alikupenda. Lakini kufundisha ni kumpikia mtu mwingine kila siku huku wewe unakula mkate mkavu, na Léontine alikuwa na njaa.

Basi siku hiyo ya nyusi, baada ya Dieumerci kuleta karatasi za chooni za kukandamiza damu, ndugu hawa wawili walikaa juu ya masanduku ya spika wakazungumza.

"Minamuuliza Severin," Léontine alisema. "Anasema atatupa majina ya batu ya biashara tu. Hakuna askari."

"Na akitupa la askari?"

"Nitaacha ngoma, nitashuka. Mbele ya batu yote."

"Apa."

"Kwa damu ya baba."

Édouard alimtazama kwa jicho moja lililokuwa wazi. "Sawa. Tutasimama inje ku mulango. Kama hakuna askari, hakuna mutu ataingia. Lakini weye umeapa, Léontine."

Ukweli ni kwamba alimwuliza Severin mara moja tu, tena akimcheka-cheka, na Severin alijibu akijitazama kwenye kioo. Mtu anayetaka sana kitu haulizi mara ya pili. Severin alikuwa na jambo moja tu la kumfundisha, nalo alilirudia katika mazoezi hadi likawachosha wote. Wakati wa sebene, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo magitaa hukimbia na watu hucheza, mpiga ngoma hawezi kusikia jina. Basi asisikilize. Atazame mkono. Mkono wa kulia wa Severin ukipanda, jina linakuja. Ukishuka, jina limetupwa, na palepale ngoma ndogo na toazi viliitikie kwa pigo moja kubwa. Pigo hilo ni salamu. Mwenye jina amelilipia, na likikosa pigo ni kama mkono ulionyooshwa ukaachwa hewani.

"Mkono, mama," Severin alisema kwa Kilingala. "Mdomo wangu uniachie mimi."

Tamasha lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni ya Tumba, kwa sababu mwenye ukumbi hakutaka makelele usiku. Léontine alifika na jezi nyeusi isiyo na mikono. Mlangoni aliwakuta kina Édouard wamesimama kimya, makoti yamefungwa vifungo vyote ingawa palikuwa na jua. Kaka yake alikuwa na plasta nyeupe juu ya jicho. Walisalimiana kwa vichwa tu.

Nisikilize sasa, maana hapa ndipo watu wa Stockholm hawakubaliani hadi leo, na wengi wao hawakuwapo.

Léontine alipiga siku ile kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wimbo wa kwanza watu walikaa, wa pili viti vikasukumwa ukutani. Spika ya gitaa la besi ilikuwa imewekwa kando ya sikio lake, na kutoka pale hakusikia hata sauti yake mwenyewe. Sebene lilipoingia alikuwa na furaha ya kutisha. Mkono wa Severin ukapanda, ukashuka: jina la mama mmoja wa Bruxelles. Pigo. Ukapanda, ukashuka: jina la Augustino, aliyejilipia mwenyewe bila aibu. Pigo. Ukapanda tena, juu kuliko mwanzo, ukakaa huko, ukashuka. Léontine akatoa pigo kubwa kuliko yote ya siku ile, kwa mikono miwili, na toazi likalia hadi mlangoni.

Aliona ukumbi ukigawanyika kabla hajajua sababu. Kina mama waliokuwa wakicheza mbele walisimama. Kijana mmoja alitupa chupa. Severin, akidhani ni shangwe, alinyamazisha magitaa kwa kiganja na kulirudia jina lile taratibu, kwa utamu, bila muziki chini yake.

"Kolonel Tonnerre! Papa ya mashariki!" Yaani baba wa mashariki.

Vijiti vilimponyoka Léontine. Aliinuka, ngoma ikaanguka, na alikuwa akienda kumfikia Severin wakati milango ilipovunjika.

Wakombata waliingia na vyuma. Mlinzi wa kwanza alipigwa magotini akakaa chini kama mtoto. Meza ya bia ikapinduliwa, watu wakateleza juu ya vioo, mama mmoja akaburutwa kwa nywele za bandia hadi zikabaki mkononi mwa mburutaji. Édouard hakumwangalia mtu. Alipanda jukwaani kutoka nyuma, akanyakua mguu wa chuma wa kusimamishia toazi, na Léontine alipogeuka alimwona kaka yake analia.

"Umemuitikia," Édouard alisema. "Umemuitikia kwa mikono mbili."

"Yaya, ngoja..."

Hakungoja. Chuma kilishuka kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mfupa ukatoa sauti ambayo Léontine aliisikia vizuri sana, maana muziki ulikuwa umekwisha. Alianguka juu ya ngoma. Édouard akapiga tena, palepale, na mara ya tatu mkono ulikuwa umelegea, vidole vimeangalia upande usio wao. Dieumerci alimrukia mgongoni, akatupwa chini ya jukwaa.

Mtu mwingine angelala pale. Léontine alitambaa. Alimkuta Severin amejificha nyuma ya spika, koti jeupe limefunikwa kichwani, akamvuta kwa mkufu wa dhahabu kwa mkono wa kushoto na kumpiga kichwa usoni. Pua ikavunjika. Akampiga tena, na tena, akipiga kelele za Kiswahili ambazo Severin hakuzielewa: "Baba yangu! Baba yangu!" Meno mawili ya Severin yaliingia kwenye paji la uso la Léontine na hakuyahisi. Alipoinua macho ili avute pumzi, alimwona Édouard amesimama juu yao, chuma mkononi, mdomo wazi, akimtazama kama mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua. Kisha ving'ora vikasikika na wakombata wakatawanyika kupitia jikoni.

Hospitalini Flemingsberg walimweka vyuma ndani ya mkono. Daktari, mwanamke aitwaye Tereza, alimweleza kwa Kiswidi cha polepole kwamba mkono utashika kijiko, utashika mlango. Léontine alimuuliza kuhusu kijiti cha ngoma. Tereza alikaa kitandani, akasema kijiti hapana, si kama zamani, na akamwambia polisi watakuja baada ya chakula cha mchana.

Édouard alikuja kabla yao. Alikuwa na sare yake ya kazi, akisukuma kitanda kitupu, na kwa sare ile na kitanda kile hakuna muuguzi aliyemwuliza anakwenda wapi. Aliufunga mlango kwa mguu. Uso wake ulikuwa umevimba. Hakukaa.

"Minakuona na Severin," alisema. "Vile ulimupiga. Nauliza kitu kimoja tu."

Léontine alimjua vizuri, na alishalijua swali.

"Ulisikia jina. Kwanza ulisikia, njo ukapiga. Kisha roho ikakuuma, ukamurukia. Ni hivyo?" Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Sema ni hivyo, Léontine. Sema ulisikia."

Ilikuwa zawadi ndogo sana aliyoombwa. Neno moja la uongo, na kaka yake angeondoka pale akiwa mtu aliyemwadhibu msaliti, mtu wa kiapo, aliyemlipia baba. Angemchukia dada yake maisha yote na angelala usingizi. Léontine alimpenda, alikumbuka njaa aliyolala nayo Édouard ili yeye ale. Na alimchukia pia, wakati uleule, chuki ya kutapika, kwa kuwa alisema ngoja na hakungojwa. Alitazama mkono wake juu ya mto, mnene, wa zambarau, wa mtu mwingine kabisa. Wakati wa kuamua ulipofika hakuamua kwa upole.

"Sikusikia, yaya," alisema, taratibu, akitaka kila silabi imwingie. "Niliangalia mukono yake. Sikusikia kitu."

Édouard aliutegemea ukuta. Halafu akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka mkono wake wa kulia juu ya chuma cha pembeni, kiganja juu, na kwa mkono wa kushoto akaisogeza karibu na dada yake ile nguzo ya kutundikia maji ya dawa.

"Nipige," alisema. "Vunja na huu. Léontine, minakuomba."

Léontine aliishika nguzo kwa mkono wake mzima. Ilikuwa nzito ya kutosha, na nguvu alikuwa nazo. Aliishika muda mrefu, hadi kaka yake akafumba macho akisubiri, kisha akaisukuma mbali naye.

"Nikikupiga utapona," alisema. "Enda kazini."

Akageuza uso dirishani, na nyuma yake akasikia kaka yake akihangaika kukitoa kile kitanda kitupu mlangoni.