Ruhani Aliyetaka Kulala

Siku hizi mtoto akiumwa koo mnampa kidonge, anakitema uvunguni, na bado anapona. Sie zamani huku Kinondoni koo halikuhesabiwa ugonjwa. Ukilalamika unaambiwa umepiga kelele mno, kaa kimya. Mama alinisukutulisha maji ya chumvi, homa ikapanda ikashuka, nikarudi kuchota maji, habari ikaisha.

Haikuisha. Baada ya wiki chache nikaanza kuangusha vikombe, na vikombe enzi zile za vita ya pili ya Wazungu vilikuwa adimu kama shehe asiyekula pilau. Mkono unanitoka wenyewe kama unafukuza nzi. Bega linaruka. Lakini balaa lilikuwa uso. Mtu mzima anapita, mie namwamkia shikamoo kwa adabu zote, kabla hajaitikia ulimi wangu umeshatoka nje. Nilipigwa makofi na kila mwenye haki ya kuamkiwa, kutoka kwetu mpaka kisimani. Nikipigwa nacheka, nikimaliza kucheka nalia, na sababu sina.

Baba alikuwa anachoma chokaa Msasani, na Ijumaa akirudi ni mweupe kama mzuka. Shauri la nyumba alikuwaga analipata kwa dada yake, shangazi yangu, tuliyeishi naye. Shangazi mwenyewe alikuwa na mashetani yake ya miaka mingi. Alishapungwa mara kadhaa, na kila akipungwa alitoka na kitu kipya cha kuvaa.

"Kaka, hapo hapana mtoto tena," alimwambia baba. "Hapo pana mgeni."

Akaletwa fundi wa kupunga pepo. Akachoma udi, akaninusa kichwani kama anachagua samaki, akasema ni ruhani wa Kiarabu, mtu wa heshima. Sasa nyie wa leo hamjui: ruhani hafukuzwi kama mbwa. Anaulizwa anataka nini, anapewa, halafu anapigiwa ngoma mpaka aridhike. Naye husema kwa kinywa cha yule aliyempanda, ambaye anaitwa kiti.

Kiti nilikuwa mie, na ulimi wangu ulikuwa umekuwa mzito, kila neno linatoka limeshatafunwa. Nilitaka kusema jambo moja tu: nataka kulala. Miguu inaniuma, moyo unanidunda kama mchi. Lakini kinywani ilitoka "ata... ala," basi. Shangazi, mzoefu wa lugha hizo, akajivuta karibu kutafsiri.

"Anasema halua."

Nikatikisa kichwa kukataa. Lakini kichwa kilikuwa kinatikisika tangu asubuhi, nani angejua?

"Halua na kahawa. Na doti ya kanga. Mpya. Ya zambarau."

Mama alikuwa anachambua mchele. "Wifi, ruhani wa kiume na kanga wapi na wapi?"

"Ya kujifunika, wifi. Ametoka mbali, anasikia baridi."

"Na zambarau si rangi yako hiyo?"

"Mie na yeye tunaelewana."

Baba aliipata ile kanga, sijui alipitia mlango gani, maana madukani rafu zilikuwa tupu na wengine walishaanza kuvaa magunia. Shangazi akaivaa yeye, aipashe joto kwa niaba ya mgeni. Halua akaionja kwanza, isije ikawa na sumu. Ilionjwa ikaisha.

Ngoma ikaanza baada ya alasiri. Wanawake wakanizunguka, na sifa zikanyesha.

"Kiti haswa hiki! Tazameni hilo bega!"

Mie sikuwa nacheza, nilikuwa naanguka. Nikianguka wananinyanyua kwapani, nicheze tena. Wapo waliojifunza lile bega langu, nimeliona maharusini miaka mingi baadaye, likitunzwa hela. Fundi akatangaza mgeni bado hajaridhika, ngoma iende siku saba. Midomo yangu ilikuwa imegeuka rangi. Mama akaingia katikati ya wachezaji, akanibeba, akanilaza kwenye mkeka chumbani.

Nikalala. Na nilipolala kila kitu kikatulia, mkono, bega, uso. Mama akamwita shangazi mlangoni.

"Njoo umwone mgeni wako, wifi. Amelala."

"Anapumzika tu."

"Na mwanangu apumzike naye. Umesema apewe anachotaka, kumbe ni hiki. Ukitaka ngoma kacheze wewe, kanga unayo."

Fundi akasema ngoma ikikatizwa inaua. Baba akakumbuka tanuri lake la chokaa, akaondoka. Asubuhi mama akanitia mgongoni mpaka hospitali ya mjini.

Daktari wa Kizungu alinitazama koo, akanisikiliza kifua kwa mpira wake, akarudia tena. Kisha akasema Kiingereza kirefu cha kuivisha wali. Dresa, yule mfunga vidonda aliyekuwa anatafsiri, akageuka. "Anasema alale."

"Maneno yote yale ndiyo hayo?"

"Mengine si yenu."

Mama hakuondoka. Akakaa chini palepale, mlango haupitiki, mpaka dresa akayatoa yaliyobaki: uchafu wa lile koo umeingia mwilini, umegusa ubongo, umegusa na moyo. Nisibebe ndoo, nisicheze, nilale mpaka viungo vitulie. Moyo wenyewe mpaka leo nikipanda kilima unanikumbusha.

Nikalazwa nyumbani, mama kakaa mlangoni na mwiko, hapiti mtu wa ngoma. Mvua zilianza zikaisha. Vikombe vikaacha kuanguka, ulimi ukaanza kulegea. Siku moja mama yuko uani, shangazi akapenya, na ile kanga ya zambarau kiunoni, imeshapauka.

"Mgeni wangu," akaninong'oneza, "hujakumbuka kitu kingine?"

Nikafungua kinywa, na maneno yakatoka mazima, ya kwanza tangu niugue: "Nataka kulala."

Shangazi akageuza kichwa kutafuta mtu wa kumtafsiria, akamkuta mama kasimama nyuma yake.

"Nimemsikia, wifi," mama akasema. "Hiyo haina haja ya mkalimani."

Shangazi akaikaza kanga yake, akatoka kinyumenyume kama atokaye kwa mkubwa, akaurudisha mlango polepole. Mie nikageukia ukutani nikalala.