Katoni Chini ya Sinki

Kwa miaka kumi na mitatu, karani wa wodi ya saratani ya watoto, ambaye wote humwita Mama Faili, amekuwa na kazi moja kila Januari: kutenga mafaili. Ya watoto waliomaliza matibabu huyapanga rafuni, yahesabiwe kwenye utafiti. Ya walioacha katikati huyafunga kamba na kuyatia katika katoni chini ya sinki. Akiosha kikombe, huegemeza mguu hapo. Hayo hayahesabiwi. Ndiyo maana ubao wa wodi unapendeza: katika kila watoto kumi, wanane hupona.

"Humu mna nini?" aliuliza daktari mpya wa utafiti, amechuchumaa.

"Walioacha, daktari. Hawaingii."

"Nani kasema?"

"Ndio utaratibu."

Daktari akalivuta katoni katikati ya chumba. "Tunajifunza kwa waliobaki tu, mama. Walioondoka hatujawauliza kitu. Tuwapigie wazazi wote."

Fundi wa maabara akapita na trei ya damu. "Mama Faili, hongera! Umepandishwa cheo, opereta wa simu!"

"Peleka damu yako huko kabla haijaganda, we mzee."

Alipiga simu wiki mbili, kwa sauti ileile. Habari za nyumbani. Pole. Nina swali moja. Baba mmoja alisema waliambiwa warudi Jumanne, na Jumanne mashine ikawa mbovu, na Jumanne nyingine pia. Bibi mmoja alikata simu. Yote aliyaandika kwa mwandiko ulionyooka. Hakulia. Hakumbuki lini alilia mara ya mwisho.

Likabaki faili moja. Daktari akalifungua, akasoma namba ya simu.

"Mama, hii si namba yako?"

"Yangu. Binti yangu huyo, alikuwa na miaka sita. Kazi hapa niliipata baadaye, mwaka uleule. Januari yangu ya kwanza nikamtia humo."

"Mwenyewe?"

"Alikuwa hakumaliza."

Daktari akafunga faili. "Si lazima ujibu."

"Wenzangu thelathini na tisa nimewauliza. Niulize kama nilivyowauliza."

Daktari akakohoa, akashika kalamu. "Habari za nyumbani, mama. Pole. Nina swali moja. Kwa nini mliacha?"

"Sindano ya mgongoni alishikwa na watu wanne. Akaniambia, mama, kesho tusiende. Nikamwambia haya, hatuendi. Na kesho kutwa hatukwenda."

"Hakuna aliyewapigia?"

"Nani apige? Tulikuwa wa katoni."

Nafasi ya jibu ilikuwa mstari mmoja. Daktari akaujaza, akageuza karatasi, akaendelea nyuma.

Mama Faili akaitupa kamba ya faili hilo. Ilikuwa imeacha alama kwenye jalada. Akasogeza mafaili mawili rafuni, akaliweka hilo katikati yake. Akahesabu upya, pamoja na wa katoni; ubaoni akafuta wanane, akaandika sita.

Kisha akaenda kuosha kikombe. Mguu ukatafuta pa kuegemea, ukakuta sakafu.