Serahangi Aliyesimamisha Zege la Punta Silag

Honorato Gallego Sumagaysay, mwana wa Fermin aliyezamia nanga iliyonasa akaitoa kwa pumzi moja, mjukuu wa Casiano aliyebeba magunia ya mbata mpaka mgongo ukapinda: huyo ndiye Mzee Norat wetu. Yeye mwenyewe alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, miaka thelathini na mmoja kwenye meli za Wagiriki na Wanorwe, akasomesha watoto wanne kwa mikono ile ile ya kuvuta kamba.

Lakini kwao alishuka kwa aibu. Kila alipomaliza mkataba, na viatu vyake vya kung'aa, wachukuzi walimbeba mgongoni kuvuka tope, maana Punta Silag, kijiji chetu, haikuwa na gati. Mtu aliyeegesha meli za tani elfu themanini anabebwa kama mtoto! Ndiyo maana serikali ilipoanza kujenga mteremko wa zege wa kushushia magari kutoka melini, alikwenda kuutazama kila asubuhi, wali wa kukaanga haujatulia tumboni.

Siku ya kumwaga zege, mwezi wa pili, kuku alikwisha kufungwa miguu, kwa kuwa kwetu msingi haumwagwi bila damu. Mzee Norat akautazama mwisho wa mbao za kumwagia zege, kisha akaitazama bahari.

"Injinia," akamwambia Delarmente, kijana wa mjini aliyesimamia kazi, "kina mlikipima lini?"

"Januari, mzee. Wiki nzima, saa mbili hadi saa kumi na moja."

"Mchana?"

"Sasa tupime usiku, sisi wachawi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mzee Norat naye akacheka, tena kuwashinda.

"Wachawi ndio wanaojua. Muulize Basilisa kwa nini Januari halali na mumewe."

Basilisa, mkubwa wa wanawake waokota chaza, akashika kiuno. "Wee Norat, na uzee huo! Injinia, bahari yetu ina tabia. Mwezi wa sita bamvua, maji ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hukausha mchana. Miezi hii ya baridi hukausha usiku, mchana maji yanapwa kidogo tu kukudanganya. Sisi hutoka na taa, tunatembea mpaka pale." Akanyoosha kidole kwenye maji, mbele kabisa ya mwisho wa mbao.

"Pale ni baharini, mama."

"Pale ni jikoni kwangu."

Injinia akatikisa ramani. "Hii imetiwa sahihi. Na zege litaganda garini!"

"Likiganda garini, umepoteza gari moja," alisema Mzee Norat. "Likiganda hapa, kila mwezi wa sita meli itashusha mlango hewani, na wagonjwa watabebwa mgongoni. Mimi nimebebwa mara kumi na tisa, inatosha. Keshokutwa mwezi mpevu. Fuatana na Basilisa. Nikiwa nimekosea, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya watu wote."

Injinia akasonya, lakini magari akayarudisha.

Alikwenda na wanawake, akarudi na tope mapajani na kiatu kimoja. Kulipokucha akapima kutoka mwisho wa mbao hadi mti alioukita Basilisa usiku ukingoni mwa maji: mita kumi na moja. Aliwaambia maseremala tu, "Bomoeni, turefushe." Kuku akaishi wiki tano zaidi, akataga mayai matatu.

Mwezi wa sita, saa sita mchana, maji yamekauka kabisa, meli ikaja. Mlango ukashuka, ukalala juu ya zege, na lori la maembe likapanda bila kuyumba. Injinia akamjia mzee, kofia mkononi.

"Mchanga hapa unahama, mzee. Nataka mtu wa kunipimia. Ukubali wewe."

"Mimi nimejua bahari za watu. Hii anaijua Basilisa."

"Mimi?" Basilisa akaruka. "Mie wa darasa la nne?"

"Tarakimu huzijui?" Mzee Norat akamuuliza.

"Nazijua."

"Basi. Kila bamvua, iwe mchana iwe usiku, nenda mwisho wa zege upime mchanga, uandike. Ukiona mchanga umepanda, usingoje kuulizwa. Mpigie huyu simu, hata kama amelala."