Helikopta ya Mars Ilivyomponza Arasa

Arasa aliacha shule darasa la sita, lakini akianza kuongea mambo ya Mars utadhani alizaliwa huko. Miaka kumi na mbili alichuma chai huku Kapkatet. Alikuwa analaza fito juu ya majani, anakata sawa na fito, mpaka shamba linabaki kama limepigwa pasi. Shamba lilipoleta droni ya kunyunyiza mbolea, rimoti akapewa yeye. Maringo yake sasa!

"Wamarekani walirusha helikopta ndogo kule Mars mara sabini na mbili," aliwaambia wachumaji. "Mimi nimepita mia. Sasa fundi ni nani?"

"Na hiyo yao iko wapi?" Molly, mke wake, akauliza, kikapu mgongoni.

"Imelala kwa mchanga. Bawa lilivunjika."

"Ilivunjwa na nini, Baba Nyaberi?" Molly akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Arasa akakohoa. Akawaeleza habari aliyoiona kwa simu. Ile helikopta ilikuwa inajua njia kwa kuangalia mawe chini. Siku moja ikapita juu ya mchanga laini, hauna alama, jicho la kamera likakosa cha kushika. Ikapotea, ikagonga chini.

"Na hii yako?"

"Ikishuka karibu na majani, pia inaangalia chini."

Molly akageukia ile chai waliyochuma jana. Kijani tupu, sawasawa, haina hata jani moja limesimama. "Basi wacha tutandaze magunia meupe, ipate cha kuona. Sisi tuko hapo kando tu."

"Magunia ni ya washamba wa Mars. Hii yangu inanijua kwa jina."

Wakacheka, wakaenda kuchuma. Ukungu ukashuka, ukawameza mmoja mmoja.

Arasa akarusha droni juu ya ile chai ya jana. Kwa skrini, kijani. Kijani. Mashine ikaandika imesimama pahali pamoja, lakini mlio wake ulikuwa unahama, unaenda upande wa wachumaji. Akavuta kijiti cha rimoti nyuma. Mlio ukazidi kwenda.

"Molly! Lala chini!"

Kitu kikapasuka huko ndani ya ukungu.

Akakimbia, matawi yakimkwaruza miguu. Alimkuta Molly amesimama, kikapu chake kimekatwa katikati, mkono kwa sikio, damu inapita kwa vidole.

Arasa akangoja atukanwe. Miaka yote ya ndoa, Molly hajawahi kukosa tusi.

Molly alimwangalia tu, kama mtu asiyemjua.