Huosha nyumba za Milimani, sasa ataka kumwaga maziwa yake mwenyewe

Jua linaanza kugusa mlima Menengai, na Jepkemei tayari amepiga magoti katika jikoni isiyo yake. Anakwangua jiko la gesi kwa kisu butu. Maziwa yaliyokauka yamegandia vyuma, naye anayakwangua kwa hasira, utadhani yamemtukana.

"Hawa walihamia jana," asema bila kuinua kichwa. "Yalifurika mpaka sakafuni. Wao wakapiga makofi, mimi nikaitwa na kitambaa."

Jepkemei, mwenye umri wa miaka 41, huosha nyumba za kupangisha katika mtaa wa Milimani, Nakuru. Mpangaji akitoka, anaosha. Mwingine akitaka kuingia, anaosha tena. Nyingi ya nyumba hizo ni za mjane mmoja wa asili ya Kihindi aitwaye Daksha, ambaye wakwe zake walifanya biashara mjini humo tangu zamani.

Daksha hafanyi mchezo na desturi ya kwao. Kabla hajakukabidhi funguo, sharti maziwa yachemshwe jikoni mpaka yafurike, ili baraka nazo zifurike. Uwe Mkalenjin, uwe Mkikuyu, uwe injinia wa mitambo ya umeme ya Olkaria, utachemsha tu.

Na wivu kwa hao wapangaji je? Hapo Jepkemei anaketi chini kabisa.

"Nikisema sina, nitakuwa nakudanganya. Naona wivu kweli kweli. Kuna nyumba hapo juu ina vyoo vitatu, na wanakaa watu wawili. Sasa niambie, hicho cha tatu ni cha nani?"

Yeye na binti yake Jebet wanaishi mtaa wa Bondeni, katika chumba kimoja anacholipia Sh3,500 kwa mwezi. Mfereji ni mmoja kwa mlolongo mzima wa nyumba, na asubuhi ndoo hupanga foleni kabla ya watu kuamka vizuri. Jebet anasoma shule iliyo karibu na Milimani, na hutoka nyumbani kungali giza.

Lakini Jepkemei hakuwahi kutamani jumba. Alichotamani ni chumba kidogo nyuma ya nyumba moja ya Daksha yenye paa jekundu. Kina mfereji wake ndani. Kina dirisha. Kilikuwa kimekaa kitupu muda mrefu, naye alikuwa akikifagia hata siku ambazo hakuna aliyemtuma.

Alipomwomba Daksha, aliambiwa chumba hicho hupangishwa pamoja na nyumba kubwa, kwa hiyo amngoje mpangaji mpya, amwombe yeye. Basi Jepkemei akaisugua nyumba hiyo kama hajawahi kusugua nyingine, huku akijifunza maneno ya kuomba.

Mwezi uliopita mpangaji akaja. Alikuwa Chesang.

Kwa mwingine jina hilo si kitu. Kwa Jepkemei ni mwanamke waliyeishi naye mlango kwa mlango kule Bondeni miaka mingi, wakati huo Chesang akiuza mashuka ya mitumba aliyoyatandika chini. Leo ana maduka mawili na gari.

"Tulikuwa tunalalamika pamoja kila asubuhi pale kwa mfereji," Jepkemei asema. "Akatoka, akaniacha nilalamike peke yangu. Wewe unaona hiyo ni haki?"

Chesang alimkumbatia mlangoni. "Jepkemei! Kumbe ni wewe umeng'arisha hivi?"

"Afadhali angenitusi," asema Jepkemei.

Sufuria ikawekwa motoni. Daksha akafumba macho kuomba. Chesang akatoa simu kupiga video. Jepkemei, ambaye kwa kawaida huitwa yakishamwagika, safari hii alisimama kando, kitambaa begani, akiyatazama maziwa yakipanda.

Jepkemei ni mzaliwa wa Subukia, katika boma la wafugaji wa ng'ombe. Huko kwao, msichana akiacha maziwa yamwagike motoni, atalisikia jambo hilo mpaka jioni. Yalipofika ukingoni, aliruka na kuiepua sufuria kwa mikono mitupu. Halikumwagika hata tone.

"Jepkemei!" Daksha alishika kichwa. "Umefanya nini? Umezima baraka ya mwenye nyumba!"

"Mkono ndio ulienda, mama. Kwetu maziwa hayamwagwi."

Daksha hakuamini. Kwake huo ulikuwa wivu mtupu wa Jepkemei, akamwonyesha mlango. Chumba cha nyuma nacho kikawa kinaondoka hivyo, kabla hata hajakiomba.

"Nimejiuliza sana," Jepkemei asimulia, akitazama vidole vyake vyenye makovu ya moto. "Huo mkono ulikuwa wa Subukia ama ulikuwa wa wivu? Mpaka leo sijui."

Aliyemwokoa ni Chesang, na hilo nalo linamuuma. Chesang alicheka sana. "Mama, wacha kumlaumu. Ata mimi, kama singeshika simu, ningeepua. Leta maziwa mengine." Kisha akamgeukia Jepkemei. "Wewe kuja hapa. Simama na mimi. Mikono nyuma."

Wakasimama wawili hao mbele ya jiko, mikono mgongoni kama watoto wanaokaguliwa kucha. Maziwa yakapanda. Chesang akafumba macho. Jepkemei akalia "Uuui!" Yakamwagika, Daksha akapiga makofi.

"Halafu nani akapangusa? Si mimi? Chesang hata hakujifanya ananinyang'anya kitambaa."

Jepkemei angali anapangusa, Chesang akamwambia ahamie chumba cha nyuma na Jebet. Wakae bure. Neno hilo bure lilimuudhi Jepkemei, akachukua ndoo yake, akaenda zake. Jebet alipopata habari, alikaribia kulia. "Mum, kuna mfereji ndani, na wewe bado unafikiria?"

Jepkemei alinuna wiki mbili nzima. Akarudi na jibu: atahamia, lakini atalipa kodi ileile anayolipa Bondeni, la sivyo hataki.

"Wewe na kiburi chako!" Chesang akamwambia. "Haya, leta basi."

Watahamia Jumamosi. Je, wivu umekwisha?

"Uishe uende wapi? Dirisha langu linaangalia jikoni kwake. Nitamwona akifungua friji kila siku ya Mungu."

Lakini mpango anao. Meko yake ndogo ya gesi ameshaipeleka, iko pale sakafuni inamngoja. Atanunua maziwa, atawaita Daksha na Chesang, na Chesang ameshaonywa asimame na mikono nyuma.

"Nataka yafurike mpaka mlangoni," asema Jepkemei, akikamua kitambaa ndani ya ndoo. "Na mtu asiniguse kitambaa. Ya watu nimepangusa miaka tisa, haraka haraka. Hayo yangu nitapangusa polepole."